Betri Isisogezwe

Lusu, Nzega
3 Juni 1956

Mdogo wangu Dionis,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, isipokuwa macho ya Baba yanazidi kumwacha. Sasa ananitambua kwa hatua tu, na akikosea ananiita kwa jina la Mama. Karanga tumeng'oa, mtama nusu wameula ndege. Jirani yetu Bundala amemwoza binti yake Benedikta kwa watu wa Ndala, ngoma ikachezwa siku mbili. Wanangu wanakuamkia.

Redio yako ilifika salama. Yule dereva uliyemtuma alikuwa amepakata betri ndani ya sanduku la mchanga. Akaishusha kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka kwenye rafu ya dirishani, akasema, "Isisogezwe." Uji nilimpa, hakunywa, akaondoka. Barua yako nilimsomea Baba mara tatu, hasa pale uliposema vyote ni vipya kutoka dukani. Akaipapasa ile betri juu na pembeni, halafu akaniambia, "Mwandikie mwanangu kwamba zawadi yake nimeiona."

Tangu Mama atutoke sijamwona Baba akikaa sawasawa kama mwezi huu. Mtangazaji wa Dar es Salaam akisalimu, Baba anaitikia kwa sauti. Nilimwambia yule hamsikii. Akajibu, "Hata Dionis hanisikii, mbona namsalimu kila asubuhi?"

Sasa siku ya kumi na nane sauti ikaanza kufifia, jana ikakata kabisa. Bundala anasema pale Nzega kuna duka wanachaji betri za magari, na yuko tayari kuipeleka kwa baiskeli yake, asubuhi kwenda, kesho yake kurudi. Mimi ningeshaituma. Baba ndiye amekataa, amesema mwenye kitu aulizwe kwanza. Haya, nimekuuliza. Jibu upesi, maana nyumba imerudi kuwa kimya na mzee ameanza tena kulala mchana.

Dada yako,
Tekla


Ipuli, Tabora
21 Juni 1956

Dada Tekla,

Shikamoo, na Baba mwambie shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi na mke wangu Apolinaria hatujambo, mtoto anaota meno na halali. Kazi ya karakana ni nyingi. Pole kwa mtama.

Juu ya betri. Isiende Nzega, na baiskeli ya Bundala usiitaje tena. Watu wa maduka wanachaji kwa pupa, wanaunguza sahani za ndani, halafu wanakurudishia sanduku zito lisilo na kitu. Betri ya maji ni ya kuchajiwa palepale ilipo. Hili nalijua, ndiyo kazi inayonilisha.

Nimefikiria namna zote. Injini ya petroli ingefaa, lakini nani atawaletea petroli Lusu kila juma? Kuna kiti cha kukanyaga kama baiskeli, kimefungwa dainamo. Mtu akikanyaga saa tatu redio inasema saa mbili, na najua atakayekanyaga ni wewe. Kwa hiyo nimechagua pangaboi la upepo. Nimelichonga mwenyewe kwa mti wa mninga na kulifunga kwenye dainamo ya lori. Upepo ni wa Mungu, haununuliwi. Linakuja na dereva yuleyule.

Mchoro nimeuambatisha. Simamisheni mlingoti wa futi thelathini kwenye kile kilima kidogo mashariki ya nyumba, pale pasipo na miti. Nyaya ni ndefu, zitafika dirishani. Betri yenyewe ibaki kwenye rafu. Msiifute, msiihamishe, msiiguse.

Mdogo wako,
Dionis


Lusu
15 Julai 1956

Dionis,

Marahaba. Mtoto apewe mzizi wa kutafuna, Apolinaria anaujua. Baba hajambo kwa leo. Kisima cha chini kimekauka, tunateka cha mbali.

Pangaboi lako limefika vipande sita na misumari pungufu. Wanaume wanne walikata mlingoti, nikawapikia ugali na kuku wawili. Walipouliza wausimike wapi nikawaonyesha mchoro wako. Wakanitazama. Mzee mmoja akauliza, "Huyu aliyechora, si mwana wa nyumba hii?"

Dionis, pale kilimani tulimzika Mama.

Ulifika saa nne, tukazika saa nane, kesho yake alfajiri ukapanda lori. Siku moja. Sikukulaumu, nilisema kazi ya watu ina amri zake. Lakini kusahau tulipomlaza! Ulitaka tumchomeke Mama mlingoti kifuani ili redio iimbe? Nilitoka nje nikapiga kelele kama mwendawazimu, mpaka wanangu wakaogopa.

Tumeusimika nyuma ya ghala. Mawe makubwa yanakinga upepo, kama ambavyo ungejua kama ungekuwa unakuja. Pangaboi linazunguka asubuhi kidogo, linalala, jioni linakoroma. Redio inasema robo saa, inakufa katikati ya habari. Baba anabaki ameelekeza sikio, anangoja mwisho wa maneno ambao hauji. Hiyo ni mbaya kuliko kukosa kabisa.

Nakuuliza mara ya pili, na nijibu kama mtu mzima anayejibu mtu mzima: kwa nini betri isiende Nzega? Magari mangapi yanachaji pale na bado yanakwenda? Na jingine: juu ya betri pametoka unga mweupe, na ubao wa rafu chini yake umekuwa mweusi na laini. Ndivyo zilivyo betri mpya?

Tekla


Ipuli
5 Agosti 1956

Dada,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Nyumbani wazima.

Barua yako nimeisoma kazini, nikaweka nyundo chini. Unadhani nimesahau kaburi la mama yangu? Nilichora usiku baada ya zamu, nikafikiria upepo tu. Ni kosa, nimekubali. Lakini wewe hujui kosa moja kulisema mara moja.

Tangu nianze kazi hii natuma. Blanketi nilituma, taa nilituma, mabati ya kanisani nilichanga. Kila kinachofika Lusu kina kasoro. Taa inatoa moshi, blanketi linawasha, pangaboi linakoroma. Waliobaki nyumbani kazi yenu ni kupokea na kununa. Mimi nakaa na grisi mpaka masikioni, naitwa boi na mtu mdogo kuliko mimi, halafu dada yangu anataka nijieleze juu ya unga mweupe. Unga ni kawaida. Ubao ni wa zamani.

Nimesema betri haiendi Nzega na sitarudia. Hamisheni mlingoti utoke nyuma ya mawe, basi. Na kama huko mnajua mambo ya betri kuliko mimi, ibebeni begani mniletee Tabora nitaichaji mwenyewe. Si ndiyo kazi ya ukoo wetu? Wanyamwezi walibeba meno ya tembo mpaka pwani, itawashinda betri?

Dionis


Lusu
22 Agosti 1956

Dionis,

Sina salamu ndefu. Baba hayupo.

Jana asubuhi nilikwenda kisimani, na siku hizi ni mwendo. Niliporudi rafu ilikuwa tupu, nyaya za redio zinaning'inia. Amechukua fimbo, kibuyu cha maji na gunia. Kamba za magome zilizokuwa ghalani hazipo. Watoto wanasema alikaa uani akafunga kitu kati ya fito mbili, anaimba taratibu, wakadhani anacheza.

Bundala amekwenda na baiskeli mpaka Nzega. Dukani Baba hajafika. Mwanamke mmoja barabarani alimwona mzee amebeba mzigo begani, anagusagusa njia kwa fimbo, hafuati barabara ya magari bali ile njia ya zamani ya misafara, ya kuelekea Ndala. Bundala amerudi gurudumu limepasuka, kesho anatoka tena.

Ana miaka sabini na sita. Haoni shimo lililo mbele ya mguu wake. Sijui nani alimtia wazo hili. Akifika kwako nipigie simu ya maandishi Nzega siku hiyohiyo. Asipofika, usiniandikie kitu.

Tekla


Ipuli
29 Agosti 1956

Dada Tekla,

Baba yuko kwangu. Nimepiga simu ya maandishi, lakini kama mtu wa kuichukua hakwenda Nzega, basi barua hii ikuambie: yu hai.

Alifika juzi, Jumatatu, adhuhuri. Siku saba njiani. Ndala watu wa mume wa Benedikta walimlaza na kumsindikiza hadi mtoni, akakataa wampokee mzigo. Apolinaria alimwona anakuja amepinda upande mmoja, akakimbia kumsaidia, naye akasema, "Ondoa mkono, mwanangu, mzigo haubadilishi bega njiani." Apolinaria akaniita kutoka karakana. Nikamkuta amesimama mlangoni kwangu juani, hataki kukaa, hataki maji. Wapagazi wa zamani, unakumbuka alivyokuwa akitusimulia, hawakutua mpaka mwenye mali aweke mkono juu ya mzigo na kusema, "Nimepokea, tua." Alikuwa ananingoja mimi niseme.

Sikusema. Nilipiga kelele. Nilimwambia amerogwa, atatuua kwa aibu, nikaichomoa betri begani mwake kwa nguvu nikaitupa uani. Ndipo nikaona.

Alikuwa ameilaza ubavu, Tekla, kama wapagazi walivyolaza furushi la nguo, ili likae vizuri begani. Tindikali ilikuwa ikidondoka njia nzima. Gunia limeliwa, shati limeliwa, bega limeliwa mpaka pekundu na jeupe. Na hakusikia! Ni lile bega la kulia lenye sugu ya upagazi wake, lile alilokuwa akituambia tuligonge kwa jiwe tulipokuwa wadogo. Alidhani ni jasho. Yuko hospitali, homa imepanda. Mganga anasema kidonda kimeingia ndani na mkono ule huenda usinyanyuke tena.

Sasa nijibu wewe. Ulikuwa wapi? Mzee asiyeona anafunga mzigo uani mwako na wewe hujui! Nikamuuliza nani kamtuma, akasema, "Wewe. Niliambiwa nilete, nimeleta." Nani alimwambia?

Dionis


Lusu
16 Septemba 1956

Dionis,

Namshukuru Mungu yu hai. Watoto wamekoma kuuliza, na Bundala baiskeli imepona.

Unauliza nani alimwambia. Mimi. Barua zako zote namsomea, hilo unalijua. Ile ya tarehe tano ningeweza kuruka maneno, mara nyingine naruka. Siku ile sikuruka. Nilitoka nayo uani, nikaisoma kwa sauti ya juu, na nilipofika kwenye "ibebeni begani" nikarudia mara mbili. Nilitaka asikie mwanawe anavyosema. Nilitaka akukasirikie kama nilivyokukasirikia mimi, maana nimechoka kukasirika peke yangu. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Kasema tumpelekee?" Nikajibu, "Ndivyo alivyosema, Baba, si unajua adabu yake." Siku ya pili yake akaondoka. Nilikuandikia kwamba sijui nani alimtia wazo. Nilidanganya, na padre nimemweleza.

Hilo ni langu. Sasa lete lako.

Bundala alipokuwa anatengeneza gurudumu Nzega aliwauliza mafundi pale dukani. Wamemwambia betri nzima hata ikilala ubavu inatoa matone tu kwenye vifuniko, haimwagi njia nzima mpaka kula bega la mtu. Wamesema labda imepasuka. Nikaenda kuitazama rafu. Ubao umetoboka, Dionis, kidole changu kinapita. Kwa betri iliyokaa wima, haijaguswa na mtu, kwa amri yako! Dereva wako alijua isisogezwe. Wewe ulijua isisogezwe. Ulituma pangaboi, ukachora mchoro, ukanitukana, kila kitu, ili isitoke ndani ya nyumba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ule haukuwa wako kuubeba.

Ulijua nini?

Tekla


Ipuli
30 Septemba 1956

Dada,

Shikamoo. Baba homa imeshuka tangu Jumatano. Anakula uji. Mkono haunyanyuki.

Betri ilikuwa kuukuu. Niliiokota kwenye rundo la takataka la karakana, chumba kimoja cha maji yake kimepasuka juu kwenye ile lami inayoziba. Nikayeyusha lami nyingine nikaziba, nikapaka rangi nyeusi, nikaichaji, ikashika. Redio tu ndiyo niliyoinunua. Nilimwandikia Baba vyote ni vipya kwa kuwa nilitaka, mara moja tu, kitu kutoka kwangu kifike Lusu bila kasoro. Nilijua ikikaa wima itadumu. Ikienda Nzega, fundi yeyote angeitazama mara moja na kucheka, na Bundala angerudi na kicheko hicho kijijini. Kwa hiyo nikatafuta namna ya kuichajia nyumbani. Hayo ya sahani kuungua niliyatunga. Ningeandika neno moja tu, "usiilaze, inavuja." Kalamu ilikataa mara tatu, na kila ilipokataa nikakuandikia ukali.

Kila siku hospitali Baba ananiuliza, "Mzigo umepokewa?" Muuguzi anadhani anaweweseka. Ijumaa nilikwenda, nikapiga magoti pembeni ya kitanda nikamweleza yote, takataka na lami na rangi. Nililia, Tekla, mbele ya wagonjwa.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Lami niliipapasa siku ya kwanza. Mimi macho yamekufa, vidole havijafa. Kitu kipya hakizibwi lami kwa mkono." Nikamuuliza kwa nini basi aliibeba. Akasema, "Nzega wangeicheka. Mzigo mbovu anarudishiwa mwenyewe mlangoni kwake, watu wasijue. Nilikuwa nakuletea aibu yako uifiche. Wewe ukaitupa uani."

Nikamwambia, "Nimepokea, Baba, tua." Akageukia ukutani. Amesema nimechelewa.

Nimepata betri mpya, mpya kweli, na mganga akimruhusu nitamtuma kwa basi pamoja nayo. Hata kiti cha kukanyaga nitatuma, ndicho kilichofaa tangu mwanzo. Niambie unataka kipi.

Dionis


Lusu
14 Oktoba 1956

Dionis,

Tumsifu Yesu Kristo. Mawingu yameanza upande wa mashariki, tunasafisha mashamba. Mtoto wako jino likija kung'oka lirushwe juu ya paa.

Pangaboi nimeliangusha. Mninga wake nimepikia maharage, na yaliiva vizuri, kwa hiyo usiseme kila kitu chako kina kasoro.

Barua yako nimeisoma peke yangu, kwa sauti ndogo. Nimejifunza. Nilikaa nayo jikoni nikataka kukuonea huruma, nikashindwa. Nimekasirika, na nusu ya hasira ni juu yangu. Mzee alijua siku ya kwanza. Akakaa miezi mitatu akiisikia redio ile ikisema na kunyamaza, akisikia barua zetu, wewe unadanganya, mimi nanyoosha kidole, na hakufungua kinywa ili usiaibike. Sisi wawili wenye macho tulikuwa tunagombania upepo.

Unauliza nataka kipi. Kiti cha kukanyaga sikitaki. Petroli sitaki. Usinitumie kitu wala usimtume Baba kwa basi kama furushi. Omba ruhusa kazini, na ukikubali kunyimwa, jua umeninyima na mimi ndugu. Mlete mwenyewe. Yeye apande basi mpaka Ndala na Apolinaria na mtoto, wapumzike kwa Benedikta. Wewe toka Ipuli kwa miguu na hiyo betri mpya begani, shika njia ya zamani, uwapitie hapo. Ukiilaza utajua.

Redio ipo pale pale, nimeipangusa vumbi. Baba ataketi kitini kwake akingojea habari zimalizike.

Ukifika usiingie. Simama mlangoni na mzigo wako, nami nitatoka. Kama nitasema "nimepokea, tua", au nitakuacha umesimama juani kama ulivyomwacha yeye, bado sijui.

Tekla